Tumbo linawaka tena? Tafuta homoni iliyo nyuma ya dalili

Malalamiko ya tumbo yanayofika kwenye dirisha la duka la dawa ni yale yale. Nimeacha omeprazoli juzi tu, moto umerudi. Nimetibiwa vidonda mara mbili, vimerudi. Nimepigwa kamera, wameona vinyama, je, ni saratani? Wengi wameshajijibu kabla hawajauliza: tatizo ni asidi, na dawa ni kuizima. Mwongozo huu unaanzia hatua moja nyuma. Uliza kwanza nani anayeiagiza asidi hiyo, kwa sababu huyo huyo ndiye anayeagiza seli za utando wa tumbo ziongezeke.

Anaitwa gastrini. Ni homoni inayotengenezwa na seli za G, sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa kuingilia utumbo mwembamba. Ukila, hasa chakula chenye protini, seli hizo huimwaga kwenye damu, nayo huzunguka mwilini na kurudi tumboni, safari hii sehemu ya juu. Huko huziamsha seli zinazoitwa ECL, ambazo hutoa histamini, na histamini huziamuru seli za parietali zitoe asidi. Asidi ikishatosha, seli za D hutoa somatostatini, nayo humnyamazisha gastrini. Mzunguko unafungwa.

Kazi ya pili ya gastrini huwa haisemwi. Ikikaa juu kwa wiki na miezi, seli za ECL huongezeka idadi, na utando unaotoa asidi hunenepa. Mfikirie msimamizi wa kiwanda mwenye mamlaka mawili: kuamuru uzalishaji wa leo, na kuajiri vibarua wa kesho. Ukizima mashine bila kumweleza kwa nini, ataendelea kuajiri. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanahusiana na ajira hiyo.

Kabla ya yote: usiendelee kusoma, nenda hospitali

Kama unatapika damu, au matapishi yana chembe nyeusi kama za kahawa. Kama choo ni cheusi, kinanata na kina harufu kali isiyo ya kawaida (vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati hivyo). Kama maumivu yamekushika ghafla, makali, na tumbo limekakamaa hata kuguswa hutaki: huenda kidonda kimetoboa. Kama moto wa kifuani umekuja na jasho, kukosa pumzi au maumivu ya mkono na taya, huo unaweza kuwa moyo, na kijiko cha dawa ya asidi kitakupotezea muda tu.

Haya mengine si ya dakika hii lakini yanahitaji daktari na kamera ndani ya siku chache: kupungua uzito bila kutaka, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika kila mara, kuishiwa damu, au dalili mpya za tumbo kwa mtu wa makamo au mzee ambaye hakuwahi kuzipata.

Dalili: moto unarudi mkali zaidi mara tu unapoacha dawa

Hili ndilo linaloongoza, na ndilo linalowafanya watu wameze omeprazoli miaka na miaka kwa ugonjwa ambao pengine ulishapona.

Chanzo cha kwanza ni dawa yenyewe. Omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli na ndugu zao huziba pampu za asidi. Asidi ikipungua, seli za D hazina cha kuzisukuma, somatostatini inashuka, na gastrini inapanda, kwa watu wengi mara mbili hadi nne ya kiwango chao cha kawaida. Kwa wiki kadhaa seli za ECL zinaongezeka kimya kimya, huku mgonjwa akijisikia vizuri. Siku anayoacha dawa, pampu zinafunguka ndani ya siku chache, lakini seli za ziada bado zipo, na zinahitaji wiki nyingi kupungua. Asidi inayotoka sasa ni nyingi kuliko ile aliyokuwa nayo kabla hajaanza dawa.

Wadenmarki walilipima jambo hili kwa watu wazima 120 wasiokuwa na ugonjwa wowote wa tumbo. Nusu walipewa esomeprazoli kwa wiki 8, kisha vidonge visivyo na dawa kwa wiki 4. Nusu nyingine walimeza vidonge vitupu muda wote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: katika wiki za mwisho, asilimia 44 ya walioacha dawa walipata kiungulia au dalili nyingine za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Soma tena: hawa walikuwa wazima. Dawa ndiyo iliyowapa dalili hizo walipoiacha.

Chanzo cha pili ni kwamba ugonjwa wa asili bado upo, yaani mlango wa juu wa tumbo umelegea na asidi inapanda kwenye umio. Cha tatu ni umezaji mbaya: dawa hizi hufanya kazi kwa pampu zilizoamshwa, kwa hiyo humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Anayemeza usiku akiwa ameshashiba hapati nguvu yote ya dawa, halafu anasema haimfai. Cha nne ni vile vinavyomwamsha gastrini bila mtu kujua. Bia ni mmoja wao, na divai pia. Kahawa nayo, hata ile iliyoondolewa kafeini. Na maziwa, samahani kwa wazee wetu waliotufundisha kuyanywa vidonda vikiuma: yanapoza kwa dakika chache, kisha protini na kalsiamu yake vinaagiza asidi nyingine.

Vipimo rahisi unavyoweza kufanya mwenyewe:

1. Angalia kalenda. Dalili zilizoanza ndani ya wiki moja au mbili baada ya kuacha dawa, na zinapungua wiki hadi wiki, ni za seli za ziada. Zinazobaki vile vile baada ya miezi miwili au mitatu ni za ugonjwa wenyewe.
2. Jiulize kwa nini ulianzishiwa dawa. Kama jibu ni "gesi" au "nilipewa pamoja na dawa za maumivu, sikuambiwa niache lini", huenda hukuihitaji kwa muda huo wote.
3. Angalia saa unayomeza.

Suluhisho halina siri. Punguza dozi badala ya kukata: kama ni miligramu 40, shuka hadi 20 kwa wiki mbili au zaidi, kisha siku moja umeze, moja uache, halafu acha. Katikati tumia dawa ya maji ya kupoza asidi pale inapowaka tu, au famotidini kwa siku chache. Kula mapema jioni, inua kichwa cha kitanda. Wiki mbili za kwanza zitakuwa mbaya, na anayejua hivyo mapema huzivuka. Asiyejua hukimbilia duka la dawa siku ya nne na mzunguko unaanza upya.

Simama hapa: usijaribu kuacha bila daktari kama ulishawahi kutokwa na damu kwa kidonda, kama kamera ilionyesha umio umeungua vibaya au seli zake zimebadilika, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au aspirini ya moyo, au kama umeambiwa una gastrinoma, yaani uvimbe unaotengeneza gastrini. Kwa watu hawa dawa ni kinga, na kuiacha kuna gharama.

Dalili: vidonda vinapona, vinarudi, vinapona, vinarudi

Kidonda hupona kwa seli. Mchubuko wa juu juu huzibwa na seli za pembeni zinazotambaa kuufunika, kazi ya saa chache. Kidonda kirefu kinahitaji seli mpya kuzaliwa, na hapo gastrini, vichocheo vya ukuaji vinavyokuja na mate, na prostaglandini za hapo hapo kwenye utando hufanya kazi pamoja. Prostaglandini si homoni ya kusafiri kwenye damu. Hutengenezwa na kutumika pale pale, kuleta damu na ute wa kujikinga. Kidonda cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, kwa kawaida hupona ndani ya wiki 4 za dawa, cha tumbo wiki 8. Kisichopona kina kitu kinachokizuia.

Cha kwanza kushuku ni bakteria *Helicobacter pylori*. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, waliomwotesha maabara mwaka 1982 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walibadilisha kabisa jinsi vidonda vinavyotibiwa. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe ili kuthibitisha. Sehemu ya uharibifu wao ni ya kihomoni: wakikaa sehemu ya chini ya tumbo, hupunguza somatostatini, gastrini hubaki bila wa kumzuia, na asidi ya ziada humwagikia duodeni. Bakteria wakiuawa, gastrini hushuka yenyewe.

Kosa linalojirudia hapa ni la vipimo. Kile cha damu kinachotafuta kingamwili hubaki chanya muda mrefu baada ya bakteria kufa, kwa hiyo hakiwezi kukuambia kama umepona. Watu humeza dozi ya pili na ya tatu kwa sababu ya karatasi hiyo. Pima choo kwa antijeni, au pima kwa pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki na wiki 2 baada ya kuacha omeprazoli; ukipima huku unameza omeprazoli, bakteria hujificha na jibu linatoka hasi la uongo. Kama ni chanya kweli, dozi ni siku 14 kamili. Kama umeshamaliza dozi moja vizuri na bado wapo, usirudie mchanganyiko ule ule, kwa sababu huenda wamekuwa sugu kwa klarithromisini, moja ya antibayotiki zinazotumika. Hapo mwachie daktari achague.

Cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu, na zile "dozi" za vidonge vilivyochanganywa kwenye karatasi bila jina. Zinazuia prostaglandini, na utando unabaki bila kinga wala damu ya kutosha kuzaa seli mpya. Toa mkoba wako wote wa dawa mezani, soma kila pakiti. Sindano ya diklofenaki nayo inahesabika. Haipiti tumboni lakini inafika tumboni kupitia damu. Parasetamoli ni salama zaidi kwa utando huu. Aspirini ya moyo usiiache kwa uamuzi wako.

Cha tatu, sigara. Cha nne, prednisoloni na dawa nyingine za jamii ya kotisoli. Zikiwa peke yake hatari si kubwa, lakini zikiunganishwa na diklofenaki hatari hupanda sana, na kidonda hupona polepole.

Cha tano hakipatikani mara nyingi lakini ndicho kinachoua: kidonda cha tumbo ambacho tangu mwanzo kilikuwa saratani. Kinaweza kupungua maumivu kwa omeprazoli na kumdanganya kila mtu. Ndiyo maana kidonda cha tumbo, tofauti na cha duodeni, huchukuliwa vipande vya kupimwa na hurudiwa kwa kamera baada ya wiki 8 hadi 12. Ukiambiwa urudi, rudi hata kama huumwi.

Dalili: vidonda vingi pamoja na kuharisha

Hii ni nadra, na nimeiweka kwa sababu inapopotea huwa inapotea miaka. Mtu ana vidonda vinavyorudi, vingine mbali ndani ya utumbo mwembamba, na anaharisha maji maji. Ajabu yake, kuharisha kunatulia akimeza omeprazoli na kurudi akiiacha. Hapo kuna uwezekano wa uvimbe unaotengeneza gastrini, kwenye duodeni au kongosho. Robert Zollinger na Edwin Ellison wa Ohio waliueleza mwaka 1955 kwa wagonjwa wawili, na enzi hizo tiba ilikuwa kuondoa tumbo zima, maana hakukuwa na dawa ya kuzuia asidi ya kiasi hicho.

Kabla ya kufikiria huko, ondoa sababu za kawaida za kuharisha: amiba, giardia, antibiotiki ulizomaliza juzi, maziwa yasiyokubaliana nawe. Kama zote zimeondoka na vidonda vipo, hii si kazi ya duka la dawa wala zahanati. Omba rufaa. Uliza pia kama kuna ndugu mwenye mawe ya figo yanayorudi, kalsiamu ya juu au uvimbe wa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa sababu kati ya mgonjwa mmoja kwa watano hadi mmoja kwa watatu hurithi tatizo hili.

Dalili: tumbo halichomi sana, lakini umechoka, umepauka, miguu inakufa ganzi

Hapa mambo yamegeuka. Seli za parietali, zile zinazotoa asidi, zimekufa au zinakufa. Seli hizo hizo hutoa pia kitu kinachobeba vitamini B12 hadi ifyonzwe, kwa hiyo zikiisha, asidi na B12 vinapotea pamoja. Gastrini, kwa kukosa asidi ya kumzuia, inapaa juu kuliko kwenye karibu tatizo lolote lingine, na seli za ECL zinaongezeka ndani ya utando ambao vinginevyo unasinyaa.

Lakini uchovu na upungufu wa damu kwetu vina sababu za karibu zaidi, na ndizo za kuangalia kwanza: hedhi nzito, minyoo ya safura, malaria ya kurudia, lishe, damu inayovuja polepole kwenye kidonda. Kipimo cha damu kamili kitaonyesha ukubwa wa chembe nyekundu. Zikiwa ndogo, fuata madini ya chuma (na kumbuka chuma nacho kinahitaji asidi ili kifyonzwe, hivyo upungufu usiosikia vidonge unaweza kuwa dalili ya kwanza kabisa ya utando uliosinyaa). Zikiwa kubwa, fuata B12 na foliki.

B12 ikiwa chini, sababu za kuangalia ni lishe isiyo na nyama, samaki, mayai wala maziwa, metfomini kwa mgonjwa wa kisukari, omeprazoli ya miaka mingi, *H. pylori* wa muda mrefu aliyekula utando. Na mwisho kinga ya mwili inayoshambulia seli za parietali zenyewe. Hii ya mwisho hupenda kutembea na magonjwa ya tezi ya shingo. Mgonjwa wa tezi anayeongezewa dozi ya levothairoksini kila akipimwa, na bado haifanyi kazi, apimwe na tumbo: kidonge hicho kinahitaji asidi ili kiyeyuke.

Onyo moja zito: usimeze foliki peke yake kwa miezi kwa sababu "damu imepungua". Damu inaweza kupanda, kila mtu akafurahi, huku neva zikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Ganzi, kuyumba unapotembea gizani, au kusahau kusiko kwa kawaida ni sababu ya kumwona daktari wiki hii, kwa kuwa uharibifu wa neva ukikaa sana haurudi nyuma wote.

Dalili: kipimo cha gastrini kimetoka juu

Usiogope karatasi peke yake. Ya kufunga usiku kucha kwa kawaida ni chini ya pikogramu 100 kwa mililita. Ikiwa juu, pita hivi: ulikuwa unatumia omeprazoli? Ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Ulikula asubuhi ile? Una *H. pylori*? Utando umesinyaa? Figo zinafanya kazi, maana ndizo zinazosaidia kuisafisha gastrini kwenye damu? Gastrinoma iko mwisho wa foleni.

Kipimo cha kuamua ni asidi ya tumboni yenyewe. Gastrini juu na asidi haipo: tumbo linalilia asidi, tatizo ni utando. Gastrini juu zaidi ya mara kumi ya kikomo na asidi kali bado ipo, pH 2 au chini: msimamizi ameasi, mtafute gastrinoma.

Kurudia kipimo bila omeprazoli kunahitaji kuiacha takriban wiki moja. Kwa anayeshukiwa kuwa na gastrinoma, wiki hiyo inaweza kutoboa tumbo. Daktari bingwa ndiye wa kuipanga.

Dalili: kamera imeona vinyama

Uliza kwanza jina la kinyama kwenye majibu ya maabara, kwa sababu macho ya mpiga kamera hayatoshi.

Vya kawaida zaidi kwa anayemeza omeprazoli muda mrefu ni vinyama vidogo vya tezi za sehemu ya juu ya tumbo. Kwa kawaida havina madhara, na vingi hupungua dawa ikiachwa. Vikiwa vingi mno kwa kijana, utumbo mpana nao uchunguzwe, kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi wa vinyama. Vinavyofuata ni vile vya utando uliochubuka muda mrefu, mara nyingi kwa *H. pylori*, muue bakteria, kisha angalia tena.

Ukiona maneno "haiperplasia ya seli za ECL", ujue ndiyo ajira tuliyoizungumzia, imeonekana kwenye darubini. Miaka ya 1980 panya waliopewa omeprazoli ya dozi kubwa maisha yao yote walipata uvimbe wa seli hizi, na habari hiyo bado inawatisha watu. Kwa binadamu ongezeko la seli huonekana, lakini kufikia uvimbe kwa sababu ya dawa peke yake ni nadra.

Uvimbe wa ECL unaotokana na utando uliosinyaa huwa mdogo, mara nyingi chini ya sentimita moja, na wengi hufuatiliwa kwa kamera tu au kutolewa kwa kamera hiyo hiyo. Ule unaotokea gastrini ikiwa ya kawaida kabisa ndio wa hatari: haukuagizwa na mtu, unakua kwa amri yake wenyewe, na huweza kusambaa. Kwa hiyo ukiambiwa una uvimbe wa aina hii, swali la kumuuliza daktari siku hiyo hiyo ni moja: gastrini yangu ni ngapi?